Matanga Yaliyochelewa

Ibra, Alhamisi, 10 Juni 1982

Skuli ninayosomesha imefungwa jana. Nimerudi na begi la madaftari na miguu iliyovimba, maana mimba iliyoingia mwezi wa sita na joto hili la Ibra, huku Omani, hazipatani hata kidogo. Nimejiahidi kuandika kila siku likizo hii, kama nilivyokuwa nikiandika Unguja nilipokuwa msichana. Lakini najijua, nitaandika nikikasirika.

Leo sijakasirika sana. Mavyaa wangu, Mama Rahila, mama yake Harub mume wangu, alinipokea mlangoni akaniuliza kama posta wamefungua, anangoja barua ya kwao. Nikamwambia haijaja. Akasema basi, labda kesho. Azza, binti yangu, akacheka. Ana miaka kumi na mbili na kila kitu kwake ni kichekesho, nikamkanya kwa jicho.

Mama ana miaka sitini tu, ila akili imezidi kumtoka tangu Mzee Ghanim, mumewe, alipofariki mwaka juzi. Sala hajaisahau, wala kupika, wala kunitania kwamba sisi Waunguja hatusemi, tunaimba. Kiswahili chake ni cha Tabora, cha bara kabisa, kinatoka kwenye uso mweupe wenye macho ya kijivu. Watu wa hapa wameambiwa ni Mturuki, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

14 Juni

Joto. Ameuliza barua.

Ijumaa, 18 Juni

Redio haizimwi. Beirut imezingirwa, mabomu yanaanguka juu ya majumba yenye watu ndani, na wanaume waliojaa sabla yetu, chumba cha wageni wa kiume, baada ya sala wanalaani Mayahudi kwa sauti inayofika jikoni. Nami nalaani wanaotupa mabomu, sijizuii. Mama alikuwa ananimenyea vitunguu. Akanyanyua kichwa, akauliza wanasema nini. Nikamwambia wanazungumza habari za vita. Akaniuliza, vita bado haijesha?

Jioni Harub ameniambia nimuweke Mama mbali na wageni mpaka mambo haya yapoe. Nilitaka kumjibu vibaya, kwa sababu naijua sababu yake, na yeye hajui kwamba naijua yote.

Mzee Ghanim alinieleza mwezi aliokufa. Aliona kumbukumbu za mkewe zinamponyoka akataka pabaki mtu mmoja wa kuzijua. Mama ni Myahudi wa Ujerumani, mzaliwa wa Breslau. Mwaka 1939, akiwa na miaka kumi na saba, wazee wake walipata nafasi ya mtu mmoja tu, kwenda kulea watoto wa Wazungu Nairobi, wakampa yeye. Baba, mama na mdogo wake wa kike, mwenye miaka tisa, wakabaki. Baada ya vita barua ikamfikia Tabora kwa Mzee Ghanim, ameshasilimu, ameshaolewa, ana mimba ya Harub. Watu wa mtaa wao wote walipakiwa kwenye treni, wakapelekwa mashariki, kwenye kambi zilizojengwa kwa ajili ya kuulia watu. Waliuawa kwa mamilioni, wazee na wachanga, kwa kosa la kuzaliwa tu. Hakurudi mtu.

Mzee alitaka kuita watu wakae matanga. Mama akakataa. Akasema hana kaburi, hana tarehe, hana maiti, basi na matanga hana. Akarudi jikoni kugeuza wali. Harub anajua nusu: anajua mama yake alikuwa nani, lakini hao waliokufa hajawahi kuwauliza.

Na kuna hili la jina. Mzee alisema katika miaka yote ya ndoa yao hakulisikia jina la huyo mdogo. Mama husema "mdogo wangu" tu. Azza alipozaliwa nilimuomba Mama amrithishe jina la mtu wao yeyote, akanijibu kwamba kwao mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Nililipokea jibu lile kama mila tu, sikuelewa alichokuwa akiniambia.

24 Juni

Ramadhani imeingia. Ameuliza barua kabla ya daku na baada ya daku.

Jumamosi, 3 Julai

Mabsli zimeanza kukatwa. Wasiozijua, hizi ni tende za kwetu Sharqiya ambazo haziliwi mbichi. Zinachemshwa zikiwa za manjano katika masufuria ya shaba anayoweza kuingia mtu mzima, kisha zinaanikwa juani mpaka ziwe ngumu, zinauzwa India. Shamba zima ni moshi na utamu, na kwa mwenye saumu ni adhabu tupu. Mama anachambua tende kuliko sisi sote. Mkono wake haukosei, mbovu huku, nzima huku, naye anaimba kidogo kidogo kwa lugha ambayo simsikii akiitumia siku nyingine.

Alasiri alimsuka Azza. Alisuka upande mmoja vizuri sana, upande wa pili akauacha nusu, akainuka ghafla akasema treni haingoji. Azza akaja kwangu na kichwa nusu, safari hii hacheki. Nikamalizia mimi.

Ijumaa, 9 Julai

Leo amenikazania. Barua, barua, barua, ananifuata chumba hadi chumba, na mimi nina kiu na mgongo unaniuma. Nikamwambia, Mama, hawaandiki kwa sababu wanakuja wenyewe, watafika mavuno yakimalizika.

Uso wake uling'aa. Amekwenda kutandika kitanda cha chumba cha nyuma, ametia udi. Mimi nimekaa ukumbini najisikia vibaya, lakini nyumba imetulia, na huo ndio ukweli.

15 Julai

Kila siku anauliza mitende mingapi imebaki.

Ijumaa, 23 Julai

Idd. Masufuria yameoshwa tangu juzi, mavuno ya mabsli yamekwisha, na mwenye kujua hilo kuliko sote ni Mama. Alivaa kanzu mpya na leso mpya, akachukua kiti akakiweka nje ya geti, upande wa njia ya Maskat. Wageni wa Idd walimpita hapo wakimpa mkono, naye akawaambia wote anangoja wazee wake. Wanawake wakanitazama kwa huruma. Adhuhuri nilimkuta amelegea kwenye kiti, midomo imepasuka kwa jua, na bado hataki kuingia ndani. Harub alimbeba kama mtoto. Mama akampiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, akimwambia wakija wasimkute watadhani kawasahau.

Uongo ule niliutunga mimi. Sina wa kumsingizia.

Jumanne, 27 Julai

Siku nne mfululizo getini. Ngozi ya uso imeanza kubanduka. Harub amekwenda Maskat kwa kazi, atarudi wiki ijayo, ameniachia maneno mawili: mfungie mlango. Nilifunga. Mama alikaa nyuma ya mlango akigonga kwa kiganja, taratibu, bila kuacha, mpaka nikafungua.

Nimelifikiria shauri hili siku nzima. Baba yangu alichukuliwa nyumbani kwetu mwezi wa Januari sitini na nne, hatukuona maiti wala kaburi. Mama yangu mzazi aliendelea kumwekea sahani yake ya chakula mpaka tulipoondoka Unguja, na mimi nikiwa msichana niliona bora angeambiwa tu, watu wakae, walie, yaishe. Mtu akikaa matanga anajua amefiwa. Asipokaa, atangoja maisha yake yote.

Basi nimekwenda kwa Maalim Marhoun, anayesomesha watoto Kurani msikitini. Simpendi. Ni mtu mkavu, aliwahi kunisema mbele ya watu kwa sababu ya rangi ya kucha. Nilisimama nje ya mlango wake nikamwambia kila kitu, hata neno ambalo Harub amelificha miaka kumi.

"Hitima sitawasomea," alisema. "Hilo usiniombe, binti."

Nikasema nimeelewa, nikageuka.

"Ngoja. Mavyaa wako ni Muislamu, ni jirani yangu, na amefiwa. Aliyefiwa hupewa pole. Sijasoma popote kwamba pole ina muda wake."

Akasema atakuja mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikilia njia nzima, na nimemuona vibaya mtu huyu miaka yote bure.

Jumapili, 1 Agosti

Nitaandika pole pole, nisiache kitu.

Asubuhi nilimkalisha Mama kitandani nikamshika mikono. Nikamwambia habari imekuja. Wamefariki.

"Wote?"

"Wote, Mama."

"Na mdogo wangu?"

Nikasema na yeye pia. Hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, kisha akaishika kola ya kanzu yake upande wa moyo akaichana kwa nguvu, kitambaa kikalia. Nikadhani akili imepotea kabisa. Lakini macho yake yalikuwa mazima kuliko nilivyoyaona mwaka huu wote. Akashuka kitandani akakaa chini, sakafuni, akasema kwao mfiwa ndivyo afanyavyo, sasa walete watu.

Walikuja. Mtaa wetu una kasoro zake, lakini kwenye msiba haukosi. Nilikuwa nimepeleka salamu kwamba Mama amepata habari za msiba wa kwao ng'ambo, na wanawake wakajaa ukumbini, kahawa ikazunguka, tende zikazunguka. Bi Mabruka, jirani yetu, mtu wa Unguja kama mimi na mdomo wake hauna kifuniko, alikaa karibu kabisa na Mama. Akamuuliza kama anavyoulizwa kila mfiwa, marehemu waliumwa nini.

Nilikuwa nimesimama na birika. Ningeweza kujibu mimi. Nilichelewa.

"Hawakuumwa," Mama alisema, kwa Kiswahili chake cha Tabora kilichonyooka. "Waliuawa. Sisi ni Wayahudi."

Redio ya nyumba ya pili ilikuwa ikisema Beirut, kwa sauti ya juu, kama kila siku. Leo wamepiga mabomu tangu alfajiri. Hakuna mwanamke aliyesema neno baya, hilo niliandike kwa haki. Waliweka vikombe chini. Mmoja akakumbuka mtoto wake, mwengine chungu kimeachwa motoni. Walimpa Mama mkono kabla ya kutoka, isipokuwa wawili.

Maalim Marhoun alifika wakati huo huo. Alisimama nyuma ya pazia akasema, "Ahsana Allahu azaaki, ya ummi," maneno yale yale ya pole anayompa kila mfiwa wa Ibra, hakuyapunguza. Mama akamjibu sawasawa. Kisha Maalim akaenda zake, na ukumbini tukabaki mimi, Azza, Mama na Bi Mabruka, aliyekuwa ameinamia kikombe chake.

Hapo Mama akasema. Alieleza asubuhi ya kuondoka, jinsi alivyokuwa akimsuka mdogo wake na saa ya treni ikafika upande mmoja haujesha, na mtoto akamfuata mpaka stesheni na nywele nusu, akilalamika watu wanamcheka. Akasema baba yake hakuweza kumtazama. Akasema yeye alifurahi kupanda treni, alikuwa na miaka kumi na saba, alitaka kuona Afrika.

Kisha akaweka mkono juu ya tumbo langu.

"Akiwa msichana nitampa jina la mdogo wangu. Sasa inajuzu."

Nilimuuliza, nani, Mama, aliitwa nani? Akatikisa kichwa. Kwao jina halitajwi mtoto akiwa bado tumboni. Siku ya saba atanitajia. Sikumbana, nilimuona amechoka, nikaona siku zipo.

Jumatatu, 2 Agosti

Siku ya pili ya matanga. Amekuja Bi Mabruka peke yake. Akakaa karibu na mlango, hakunywa kahawa. Nikamwambia kama ana uzito asijilazimishe.

"Wangu wako shimoni Unguja, wawili, sijui shimo gani," alisema. "Wazee wake hawajampiga mtu wa Beirut. Nitakaa."

Alikaa mpaka gari ya mwanawe ilipopiga honi nje, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akainuka akatoka bila kuniangalia.

Jumanne, 3 Agosti

Siku ya tatu. Hakuja mtu. Nilipika kahawa nikaimwaga.

Jumatano, 4 Agosti

Harub amerudi, habari ameshazipata njiani. Nilijitayarisha kwa makelele. Hakupiga. Alisema watoto wa mtaa wamemuuliza Azza dini yake, na mkuu wake wa kazi amemuuliza yeye mama yake ni nani hasa, kwa upole, na upole ule umemtisha. Kisha akasema, "Ulitaka alie. Haya, analia. Utamnyamazishaje?"

Sikumuelewa. Nilidhani yaliyobaki ni nafuu.

7 Agosti

Ameamka akauliza barua. Kabla sijajibu akaiona kola iliyochanika, akaniuliza nani amekufa.

8 Agosti

Ameuliza barua. Ameiona kola. Ameuliza nani amekufa. Nimemwambia. Amelia kama ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu kwake ndiyo mara ya kwanza.

9 Agosti

Niliishona kola usiku alipolala. Asubuhi akauliza barua, nikasema haijaja, akanitazama usoni akajua. Kitu fulani ndani yake kinajua hata akili isipokumbuka. Akaichana upya.

11 Agosti

Vile vile. Nimemuomba jina, kwamba siku ya saba ni mbali na mimi naogopa. Akaniuliza, jina la nani? Nikasema la mdogo wako. Akasema, kwani amepatwa na nini?

13 Agosti

Vile vile. Hali chakula.

15 Agosti

Amejiparura mashavu. Hospitali wametupa vidonge vya usingizi. Akilala siku nzima, akiamka jioni ndiyo anapata habari jioni.

Nilitaka awe na msiba wenye mwanzo na mwisho kama msiba wa watu wote. Nimempa mwanzo kila siku.

Jumanne, 17 Agosti

Leo Harub amenitangulia chumbani kwa Mama. Nilisimama mlangoni nikasikia. Mama akauliza barua.

"Barua ya nani, Mama? Wewe huna watu. Wewe ni yatima, umelelewa Tabora. Baba alikuoa Tabora."

"Mdogo wangu," Mama alisema.

"Huna mdogo, Mama. Ulikuwa peke yako."

Alimlisha uji huku akiyarudia, kijiko na neno, kijiko na neno. Nilimvuta nje nikamwambia anachofanya ni haramu. Waliowaua walitaka wasibaki hata kwa jina, na yeye anawamalizia kazi yao. Nilisema hivyo hasa. Akanijibu kwamba mama yake amefiwa siku kumi mfululizo, na kama nina dawa nyingine niilete, na kama sina nimpishe.

Nilimpisha.

20 Agosti

"Wewe ni yatima wa Tabora." Asubuhi, mchana, jioni. Ameuliza barua mara moja.

24 Agosti

Hakuiona kola. Harub alizichukua kanzu zote zilizochanika akazichoma pale pale tulipochemshia mabsli. Amemnunulia mpya.

29 Agosti

Mama amekula samaki na wali, akaomba tena.

2 Septemba

Nilimpeleka mferejini, akatia miguu kwenye maji ya falaj kama zamani. Nikasema kwa sauti ndogo, Breslau. Akasema ni neno gumu. Nikamwambia, stesheni, nywele nusu. Akanicheka, akasema mimba inanichezea. Niliona haya kama mwizi, na nilipoinua macho Harub alikuwa amesimama kwenye mitende akinisikiliza. Amekonda mtu huyu. Nimemchukia wiki mbili, leo nimemuonea huruma, na huruma haikunisaidia.

10 Septemba

Bi Mabruka amekuja, amemkuta Mama mzima, anacheka. Amesema alhamdulillahi, dawa gani mmempa. Nimemwambia usingizi.

Jumapili, 19 Septemba

Redio imesema wameingiliwa Wapalestina kwenye makambi Beirut, wameuawa wanawake na watoto, na wengi hawajajulikana ni nani. Nimelia nikashindwa kusimama. Mama alikuja akanifuta uso kwa leso yake, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema si watu wangu. Akasema pole hata hivyo.

Uchungu umenishika nikiwa bado nalia.

Jumanne, 21 Septemba

Msichana. Mzima. Ana macho ya kijivu.

Jumapili, 26 Septemba

Siku ya saba. Mbuzi amechinjwa, watu wamekuja, hata wale wa siku ile, maana Ibra imepokea maelezo ya Harub kwamba mama yake alikuwa na homa ya jua akisema ovyo. Wamekula wakashiba. Maalim Marhoun alikuja, akatoa dua, aliponipita aliinamisha kichwa. Alijua na mimi nilijua.

Kabla mtoto hajatolewa nje nilimpeleka kwa Mama chumbani, nikafunga mlango. Nilimweka mapajani mwake. Nikamwambia, Mama, siku ya saba imefika, uliniahidi jina.

Alimtazama mtoto kwa mapenzi makubwa. Alimpangusa nyusi kwa kidole. Nilingoja. Nilimuomba Mungu neno moja tu, hata nusu ya neno, hata herufi ya mwanzo.

"Mwiteni mnavyopenda," alisema. "Mimi ni yatima wa Tabora, mwanangu. Sina mtu wa kumrithisha."

Nikapiga magoti. Nikamwambia ajaribu, alikuwa na mdogo wake, alikuwa na miaka tisa, alimsuka. Akanishika shavu akanipa pole, akasema wazazi wengine huchanganyikiwa kidogo siku za mwanzo, itapita.

Nje Harub aliulizwa jina, akalitaja. Tumemwita Fawziya. Ni jina zuri, na halikuwa la mtu.